Mlango uliogoma kwenye mteremko wa Mai Mahiu

WASAFIRI wachache mno wanaotoka Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya chini hufika kwenye mteremko wa Mai Mahiu wasitamani kusimama. Hapo nchi hukatika ghafla. Umekuwa ukipita kando ya mashamba ya mboga na miti ya mikaratusi, baridi ya Limuru ikikuuma masikio, mara unaliona Bonde la Ufa limetandazwa chini yako kama mkeka. Mlima Longonot umeketi mbele yako, Suswa uko upande wa kushoto, nayo mawingu yanatembeza vivuli vyake juu ya uwanda.

Hapo ndipo niliposimamisha gari Jumamosi moja, yapata saa nne na nusu asubuhi. Nilizima injini, nikamgeukia mama yangu aliyekuwa ameketi kando yangu.

"Mama, tumefika. Sasa shuka utazame."

Nilibonyeza kitufe cha kumfungulia mlango. Mlango haukutikisika. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza ufunguo. Kimya kile kile, isipokuwa upepo uliokuwa ukivuma kutoka bondeni na sauti za wauza ngozi za kondoo waliokuwa wakitukaribia wakitabasamu.

Msomaji huenda akashangaa ni mlango gani huo usiofunguka hadi ubonyezewe kitufe. Niruhusu basi nianze mbali kidogo.

Sisi tuliosomea shule za msingi za mjini tulilelewa na milango ya matatu. Mlango wa matatu ulikuwa wa kuteleza, nao ulikuwa na bwana wake, manamba. Aliuvuta kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukihesabu noti, akaufunga kwa kishindo kilichotikisa vioo, kisha akagonga bodi mara mbili kumwashiria dereva. Mlango ule haukuwa na ujuzi wowote. Ulikuwa na reli, magurudumu madogo na nguvu za kijana. Ukikwama ulipigwa teke, nao ukatii.

Mama yangu hakuupenda kamwe. Magoti yake yalianza kumsumbua zamani, na manamba hana subira na magoti ya mtu. Mara mbili gari liliondoka mguu wake mmoja ukiwa bado chini. Mara ya pili alianguka pale kituoni, na tangu siku hiyo akawa haji tena Nairobi ila kwa lazima.

Hii ndiyo sababu nilipojaliwa kununua gari miaka miwili iliyopita nilichagua lile linalomfaa yeye. Ni gari dogo la Kijapani ambalo upande wa kushoto lina mlango mmoja tu, mpana, unaoteleza wenyewe kwa nguvu za umeme na kutumikia kiti cha mbele na cha nyuma pia. Upande wa kulia kuna mlango wa dereva peke yake. Sakafu yake iko chini, na mtu mwenye magoti mabovu huingia kama anayeingia sebuleni. Jina la gari hilo sitalitaja, kwa kuwa mwishowe kosa halikuwa lake.

Jicho jipya

Siku hiyo tulikuwa tukimrudisha mama nyumbani Gilgil. Kwa miaka mingi macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, ule ukungu unaotanda ndani ya jicho hadi mtu akaiona dunia kama anayechungulia kupitia kioo chenye mvuke. Alipokuja kwetu mara ya mwisho alimwamkia mke wangu akidhani ni jirani. Ndipo tulipomshawishi akakubali kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, na baada ya wiki mbili daktari alimpa ruhusa ya kusafiri, mradi avae miwani ya jua na ajikinge na vumbi.

Mama alizaliwa chini ya mlima Longonot. Hakuomba zawadi wala karamu. Ombi lake lilikuwa moja tu, kwamba tusipite barabara ya juu ya Kimende, bali tushuke kwa Mai Mahiu, na tukifika kwenye mteremko nimsimamishe aukague mlima wao.

Sasa mlima ulikuwa pale, na mama alikuwa pale, na katikati yao kulikuwa na mlango.

Nilishuka kwa upande wangu, nikazunguka, nikashika kitasa cha nje na kuvuta. Mlango uliachia kidogo, upana wa ngumi hivi, kisha ukagota. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Vijana wawili wa ngozi za kondoo wakaweka bidhaa zao chini, wakaja kunisaidia. Tulivuta sote watatu kama wanaomtoa ng'ombe matopeni. Mlango haukusogea hata unywele.

Watoto wawili, ambao kwao kila balaa ni mchezo, walirukia kiti cha dereva wakatoka kwa mlango wangu. Mama watoto naye akajipenyeza kwa shida, akatoka. Lakini mama mwenye magoti yale angewezaje kuuvuka usukani? Katika gari zima, yeye peke yake ndiye aliyebaki bila mlango, na ndiye tuliyesimama kwa ajili yake.

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, juzi nimetolewa pazia jichoni. Leo umeniweka nyuma ya kioo."

Hakusema kwa hasira, na huenda ndiyo sababu maneno yake yalinichoma.

Moyoni nilikuwa na jambo jingine lililonitia hofu. Mwezi mmoja kabla ya safari, mlango ulikuwa umeanza uvivu. Ulifunguka polepole na wakati mwingine ukaishia katikati. Nililipeleka gari katika gereji moja jijini, na fundi wa hapo, bila kufungua hata parafujo moja, akatangaza kuwa mota ya mlango imekufa na nyingine itagharimu Sh32,000 mbali na kazi yake. Sikuwa na fedha hizo. Rafiki yangu akanishauri nipime betri kwanza. Ilipopatikana kuwa imechoka nikanunua nyingine, na mlango ukarudia wepesi wake. Nilijisifu sana kwa kuziokoa Sh32,000. Sasa nikiwa pale mtelemkoni, nilimwona yule fundi wa jijini akinicheka.

Ingekuwa maji?

Hatukuwa na la kufanya ila kuteremka hadi Mai Mahiu kutafuta fundi. Watoto walirudi ndani kwa njia waliyotokea, tukaanza kushuka nyuma ya malori marefu yaliyokuwa yakinguruma kwa gia nzito.

Barabara hii ina historia yake. Wafungwa wa vita wa Kiitaliano ndio waliotumiwa kuijenga wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na mwaka wa 1942 walijenga kikanisa kidogo karibu na mwisho wa mteremko, ambacho kingali hapo hadi leo. Watoto huking'ang'ania kila tunapopita. Siku hiyo hakuna aliyekitaja.

Mji wenyewe wa Mai Mahiu, ambao jina lake kwa Kikikuyu ni maji moto, upo chini kabisa ya ukingo wa bonde, umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Nairobi. Ni mji wa malori. Hapa madereva hula, hulala, huziba pancha na kupoza breki. Aidha ni mji uliojua msiba. Usiku wa kuamkia mapambazuko ya Aprili 29, 2024, maji yaliporomoka kutoka juu yakabeba nyumba, magari na watu, na makumi ya wakazi wakapoteza maisha.

Tulipokaribia mji mama watoto aliniinamia kutoka nyuma akaniuliza kwa sauti ambayo mama hangeisikia: "Ingekuwa maji? Au moto? Tungemtoaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeliendesha gari hilo kwa miaka miwili na nilijua bei ya magurudumu yake, kiasi cha mafuta linachokunywa na nyimbo zinazopendwa na watoto. Sikujua namna ya kumtoa mtu ndani yake pindi kitufe kikikataa.

Fundi mwenye maswali

Tulielekezwa kwa fundi mmoja mwenye kiwanja kando ya barabara. Kazi yake hasa ni malori. Alikuwa mtu wa makamo, ovaroli lake limelowa mafuta, na alilitazama gari letu kama mchinjaji aliyeletewa sungura. Alimsalimu mama kwanza kupitia dirishani: "Pole kwa safari, mama." Kisha akanigeukia.

"Mkubwa, kabla sijashika spana, nina maswali matatu. Mlango umenyamazia swichi zote au moja tu? Ukibonyeza, unasikia sauti yoyote ndani? Na gari hili liliguswa na nani mara ya mwisho?"

Nilimjibu kuwa umenyamazia zote, na kwamba hakuna sauti. Kwa swali la tatu nilimsimulia habari za gereji ya jijini na betri mpya. Yeye akatikisa kichwa polepole.

"Wengi hutaka kuanza na mota kwa sababu ndiyo ghali," akasema. "Mimi huanza na vitu vya bure."

Aliniambia niwashe taa za mbele kisha niwashe injini. Taa hazikufifia, injini ikaitika mara moja. Betri, akasema, haina kesi. Akahakikisha gia iko kwenye herufi P na breki ya mkono imevutwa, kwani mengi ya magari haya hayakubali kufungua mlango endapo yanadhani yako safarini. Akaangalia kama vifungo vya milango vimefunguliwa. Akauliza kuhusu kifungo cha watoto, kile kijitundu kilicho kwenye ukingo wa mlango, ambacho huzuia kitasa cha ndani kisifanye kazi. Hicho nacho hakikuwa na hatia, kwa sababu hata kitasa cha nje kilikuwa kimekataa.

Kisha akaketi kwenye kiti changu, akainamisha kichwa chini ya usukani, akaanza kuvisoma vitufe kimoja kimoja kwa kidole. Karibu na goti langu la kulia, mahali ambapo sijawahi kutazama tangu nilinunue gari, palikuwa na kitufe cheusi chenye mchoro wa mlango na maandishi madogo ya OFF.

"Hii nani ameizima?" akauliza.

Nilikuwa karibu kuapa kuwa hakuna aliyeizima nilipomwona kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka mitano, akizitazama kamba za viatu vyake kwa makini yasiyo ya kawaida.

Ndipo nilipokumbuka. Tulipokuwa tukitia petroli kabla ya Rironi, nilishuka kwenda kulipa kwa M-Pesa. Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye kiti changu akiwa dereva wa matatu, taa za hatari zikimeta. Nilimkemea, nikazima zile taa, nikaondoka. Alichobonyeza kingine sikukiona. Fundi aliponiuliza gari limeguswa na nani, sikumtaja mtoto, kwa kuwa nilidhani kuguswa ni kuguswa na fundi.

Kitufe hicho ni swichi kuu ya umeme wa mlango. Ikizimwa, swichi nyingine zote za mlango huwa kama simu isiyo na laini. Ubonyeze ufunguo, ubonyeze dashibodi, hupati kitu. Imewekwa hapo ili mwenye gari aweze kuuzima umeme wa mlango anapouosha au anapokuwa na watoto watundu. Kitabu cha gari kinaeleza yote hayo kwa ukamilifu, isipokuwa kitabu chetu kimeandikwa kwa Kijapani. Mengi ya magari ya familia yanayoshuka bandarini Mombasa hutoka Japani yakiwa yametumika, na kanuni zetu zinataka yasizidi umri wa miaka minane. Zinachunguza umri. Hazichunguzi kama mnunuzi anaelewa vitufe.

Fundi aliiwasha swichi, akabonyeza kitufe cha mlango. Kwa mara ya kwanza tangu mteremkoni tulisikia sauti. Mota iliguna, mlango ukasogea upana wa ngumi, ukagota, kisha ukarudi ulikotoka kama mtu aliyechungulia nje akamwona mdai wake.

Mimi nilikata tamaa. Fundi alifurahi.

"Bubu amesema," akatamka. "Kumbe mota ni nzima. Sh32,000 zako zibaki mfukoni. Sasa tutafute kinachomshika mguu."

Kosa la pili

Alizima tena swichi kuu, na hapa akanionya kwa ukali kidogo. Mtu asitie vidole kwenye reli ya mlango wa umeme kabla ya kuuzima, kwani mota haijui kidole na kijiti. Kisha akavuta mlango kwa mkono, taratibu, bila kulazimisha. Ukagota pale pale.

"Mlipokuwa juu mliuvuta hivi?" akauliza.

"Tuliuvuta kwa nguvu, watu watatu."

"Mungu amewahurumia. Ndani ya bodi kuna waya mwembamba wa chuma unaozungushwa na mota ili uuvute mlango. Mngeukata, hapo ndipo mngelipa kweli."

Alinieleza kuwa jaribio hilo la mkono ndilo linalogawanya matatizo ya mlango kuwa mafungu mawili. Ukizima umeme na mlango ukateleza vyema kwa mkono, basi tatizo liko upande wa umeme, yaani swichi, fyuzi, nyaya au mota. Ukizima umeme na mlango ukakwama, tatizo ni la kitu kinachoonekana kwa macho. Akachukua tochi akamulika reli ya chini. Alitoa ganda la njugu, sarafu ya shilingi tano na kichwa cha mwanasesere ambacho kilikuwa kimetafutwa nyumbani kwetu tangu Krismasi. Lakini hata baada ya usafi huo, mlango uligota palepale.

Ndipo akasimama wima, akafikiri, akauliza swali la nne: "Mafuta mlitia wapi?"

Bila kungoja jibu alizunguka hadi nyuma ya mlango, upande ule ule wa kushoto. Kifuniko cha nje cha tangi la petroli kilikuwa kimekaa kama kilichofungwa. Alipopitisha kidole ukingoni, tuliona kimeinuka kidogo, unene wa kalamu. Mhudumu wa petroli alikuwa amekisukuma nacho hakikushika. Mimi dereva ninayeketi upande wa kulia nisingeweza kukiona.

Fundi alikibonyeza kwa kiganja. Kikalia "ta!"

Alishika kitasa cha mlango kwa vidole viwili. Mlango ukateleza hadi mwisho, laini, kama uliokuwa ukingoja kuombwa kwa adabu.

Maelezo yake yalikuwa rahisi. Mlango wa kuteleza hurudi nyuma ukipita juu ya mahali penye tangi. Iwapo ungefunguka huku bomba la petroli limo tangini, ungeligonga, na petroli si kitu cha kugongwagongwa. Kwa hivyo magari mengi ambayo tangi lake liko upande wa mlango huo huwekewa kizuizi. Kifuniko kikiwa wazi, kizuizi husimama mbele ya mlango, na hakijali kama anayeufungua ni mota au ni wanaume watatu.

Makosa yetu basi yalikuwa mawili, na yote yalifanyika katika kituo kimoja cha petroli, ndani ya dakika tano. La mtoto liliufanya mlango uwe bubu. La mhudumu liliufanya uwe kiwete. Lingekuwa moja tu, huenda ningeligundua. Yalipokutana, yakavaa sura ya mota iliyokufa.

Mama alishuka polepole, fundi akimshika mkono mmoja na mimi mwingine. Akasimama kwenye vumbi la Mai Mahiu, miwani yake ya jua usoni, akamtazama yule fundi toka juu hadi chini.

"Mwanangu, una mvi nyingi kuliko sauti yako," akamwambia. Sote tukacheka, na fundi akacheka zaidi.

Alitaka Sh200. Nilimpa Sh500, naye akauliza hizo nyingine ni za nini. Nikamjibu ni za yale maswali.

Ya kukumbuka nyumbani

Tukiwa tunakunywa chai hapo mjini, fundi alinipa mawaidha ambayo naona heri niwagawie wasomaji walio na magari ya namna hii, na hata wale wanaobebwa ndani yake.

Mlango wa umeme ukinyamaza, anza na vya bure. Tazama betri kwa kuwasha taa. Tazama gia, breki na vifungo vya milango. Tafuta swichi kuu, ambayo mara nyingi iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Hakikisha kifuniko cha tangi kimeshika. Kisha zima umeme wa mlango na ujaribu kwa mkono, bila hasira. Fagia reli na uipanguse kwa kitambaa. Usiipake grisi nzito, kwa kuwa hiyo hunasa vumbi na kuwa matope. Ukingo wa mbele wa mlango una utepe wa mpira ambao kazi yake ni kuhisi mkono au mwili wa mtu ili mlango urudi nyuma. Utepe huo ukipasuka au ukibanwa na kitu, mlango unaweza kukataa kufunga hata kama hakuna aliyesimama mbele yake.

Baadaye ndipo uangalie fyuzi. Kama betri iliondolewa karibuni, jua kwamba baadhi ya magari husahau mlango ulipo, nayo hukumbushwa kwa kuufunga kabisa kwa mkono mara moja. Nyaya zinazojikunja kila mlango unapofunguka huweza kukatika kwa ndani baada ya miaka mingi, na ule waya wa chuma huweza kuchakaa. Kazi hizo ni za fundi. Mota ni ya mwisho, si ya kwanza.

La muhimu kuliko yote, akasema, fanyeni zoezi. Siku ya utulivu nyumbani, zima swichi kuu na umfundishe kila mtu wa familia kuufungua mlango kwa mkono kutoka ndani, pamoja na mtoto na mzee. Jueni pia ni dirisha lipi pana na jinsi ya kuukunja ule mgongo wa kiti ili mtu atokee nyuma. Ajali haimngoji mtu asome kitabu, hata kingekuwa cha Kiswahili.

Niliyasikiliza hayo nikilikumbuka swali la mama watoto. Jumapili iliyofuata tulifanya zoezi hilo mbele ya nyumba yetu, majirani wakituchungulia. Mke wangu alihitaji sekunde chache tu. Kitinda mimba alishindwa mara mbili, akaweza mara ya tatu.

Lakini hiyo ilikuwa Jumapili. Jumamosi ile, tulipomaliza chai, njia ya Naivasha ilikuwa mbele yetu na saa zilikuwa zimekwenda. Mama alikuwa ameshajiketisha kitini, hakudai lolote. Nilitoka kiwanjani kwa fundi, nikafika barabarani, nikakata kona kurudi tulikotoka.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Kuna kitu tumesahau huko juu."

Tulipanda mteremko tena nyuma ya malori yale yale. Vijana wa ngozi za kondoo walitutambua, wakashangilia. Nilibonyeza kitufe. Mlango ulifunguka, upepo ukaingia, mama akashuka na kuusogelea ukingo mkono wake ukiwa kwenye bega langu.

Alisimama hapo kwa muda mrefu. Aliuonyesha mlima kwa kidole, akawaeleza watoto ni upande gani walikokuwa wakichunga mbuzi. Aliutaja Suswa. Kisha akauliza ni mstari gani ule mrefu ulionyooka kule chini, ambao yeye haujui.

"Ni reli mpya, Mama. Ilifika hapa bondeni mwaka wa 2019."

"Miaka yote hiyo," akasema, "na mimi nimekuwa nikipita hapa."

Alipotosheka aliomba turudi garini. Kabla sijafikia kitufe, kitinda mimba alichomoka mbio hadi nyuma ya mlango, akakibonyeza kifuniko cha tangi kwa viganja vyote viwili, akanipigia kelele kwamba sasa naweza kufungua.